Kijitawi cha Tereza

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili, 17 Septemba 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuuliza hali ya macho. Mara ya mwisho ulisema jicho la kushoto linaona mwanga tu, na la kulia linaona watu kama wamesimama nyuma ya moshi, na daktari pale hospitali kakuambia usubiri mpaka mtoto wa jicho akomae. Je, yale matone niliyompa Paskazia akuletee yalifika? Na yule beberu wako mkorofi, bado anakula mihogo ya majirani na wewe unaenda kuomba msamaha? Mimi hapa ni mzima, nimekonda kidogo tu. Mkuyuni ni kelele tupu siku hizi. Magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti tangu asubuhi, vyama vingi na ahadi nyingi, na akina mama wanaokaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani, hapa mlangoni wanawajibu kwa matusi mpaka mtu anacheka bila kupenda.

Dada Justa, jirani mwema, najua wewe ndiye unayemsomea. Shikamoo na wewe. Nakuomba usome yote kwa sauti na usiruke kitu, hata ukifika mahali utakapotamani kuruka. Nakujua una huruma, lakini leo iweke kando.

Baba, umeniuliza barua tatu mfululizo habari za ripoti ya samaki wetu wa furu, na mara zote tatu nimekujibu habari za mvua. Nisamehe. Ripoti imetoka. Ilifika ofisini, pale kituo cha utafiti wa samaki, tarehe kumi ya mwezi wa nane ndani ya boksi, nakala arobaini, karatasi nzito zinazong'aa, na picha ya ziwa letu kwenye jalada. Najua umeshawaambia watu wote wa mtaa wako kwamba jina lako litakuwamo, na katekista ameahidi kuwasomea wazee wenzako ukurasa huo. Mwambie asubiri kwanza. Nitakueleza tangu mwanzo, maana hata mimi nimehitaji kujieleza mwenyewe ndipo niamini.

Unamkumbuka Nathaniel alivyokuja kwetu mwaka sabini na nne, mwanafunzi wa chuo, suruali pana, hajui hata kutofautisha furu na sato mchanga. Wewe ndiye uliyekaa naye kwenye meza ya kituo ya kuchambulia samaki, ukiwafungua midomo kwa kijiti ili aone meno: huyu anakula konokono, huyu anakula mayai ya wenzake, huyu anakwangua mawe. Mama ndiye aliyemlisha. Miaka miwili alikula ugali wetu, akimwita mama, mama, na wewe, baba. Mimi nikamwita kaka. Hata alipokuwa Dokta na bosi wangu niliendelea kumwita kaka tukiwa wawili, naye akapenda.

Ndiyo maana mwezi wa tatu mwaka jana sikuwa na wasiwasi wowote tulipovuka naye kwa pantoni kuja kwako. Alikuwa anautaka mti wako. Ile karatasi kubwa, nyuma ya ramani ya zamani ya ziwa, uliyoichora kwa miaka kumi na tisa: furu sabini, nani katoka kwa nani, nani ndugu wa nani. Hamsini na wanane uliwaweka kwenye ncha za matawi, hao ambao angalau tunao kwenye chupa za fomalini. Kumi na wawili uliwaweka katikati ya matawi, kila mmoja kwenye fundo lake, na duara jekundu. Hao ndio waliomalizwa na sangara kabla hujapata chupa ya kuwahifadhi. Wasomi walikuwa wanakuambia kwamba samaki aliyekufa juzi hawezi kuwa mzazi wa huyu tunayemwona leo, wawekwe pembeni. Ukawajibu kwamba kwetu mtu akifa hatumtoi kwenye hesabu ya ukoo, anabaki pale pale alipozalia, na tunaendelea kumtaja.

Na wa saba kati ya wale kumi na wawili ni Tereza. Justa hakuwapo siku alipopatikana, kwa hiyo nasimulia kwa ajili yake. Mama alikuwa anachagua furu wa kukausha pale ufukweni, akamkuta mmoja mwenye ukingo mwekundu kwenye pezi, mdomo umefumba kwa nguvu. Furu jike huwaficha watoto mdomoni, na huwa ni kundi zima. Alipombonyeza, akatoka kitoto kimoja tu. Mama akacheka sana, akasema huyu ni mwenzangu. Kwa watu wa ukoo wako, mama alikuwa yule mwanamke wa mtoto mmoja, na maneno aliyoambiwa kwa ajili hiyo unayajua kuliko mimi. Wewe ulimchukua yule samaki, ukamtazama meno, ukaona kweli ni aina yake peke yake, ukamwandika kwa jina la mkeo. Hukuoa mwingine, wala hukumwandika mwingine kwa jina la mtu.

Siku ile tulipokuja, Nathaniel alisimama kwenye kaburi la mama na kulia machozi. Wewe ulishika mkono wake. Akaahidi mbele yangu na mbele ya Justa kwamba jina la Elias Mayala litaandikwa la kwanza, kabla ya lake, na kwamba karatasi itarudi kwako ndani ya miezi mitatu. Ukaikunja mwenyewe, ukaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe kwenye pantoni. Ukamchinjia na jogoo, yule mwekundu. Mpaka leo nikikumbuka yule jogoo naumia.

Kazi ikaanguka kwangu. Kompyuta haioni mchoro, baba, inataka maneno na namba, kwa hiyo mti wako ilibidi niuandike upya kwa namna tatu. Ya kwanza ni jedwali: upande huu mtoto, upande ule mzazi wake, na urefu wa tawi lililo kati yao. Ilitoka mistari mia moja ishirini na sita, na wote walikuwamo, hata wale wa duara jekundu, kwa sababu jedwali halijali una watoto wangapi. Ya pili ni mabano, ndani yake mabano mengine, kama sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Hapo pia wote waliingia. Ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Hiyo ni ya programu ya takwimu wanayoitumia wageni wa Nathaniel, wale wataalamu wawili kutoka nje, na hiyo programu huandika mti kwa kuunganisha wawili wawili. Huyu na huyu, halafu hao wawili na yule, hivyo hivyo mpaka shinani. Kila mstari lazima uwe na wawili.

Sasa fundo linalotoa tawi moja tu liungane na nani? Programu haikulalamika wala haikugoma. Iliyapita tu mafundo yako yote kumi na mawili, ikamchukua mtoto wa Tereza na kumpachika moja kwa moja kwa bibi yake, mti ukatoka umenyooka, mzuri wa kupendeza macho. Kama nisingehesabu mistari nisingejua. Ilikuwa hamsini na saba.

Nilihangaika nayo wiki mbili. Mwisho nikapata ujanja, na naomba niseme bila aibu kwamba niliupata mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Kwenye kila fundo la upweke nilichomeka kijitawi chenye urefu wa sifuri, yaani hakiendi popote, kipo hapo hapo kwenye fundo, na mwishoni mwake nikaandika jina la samaki. Sasa fundo likawa na wawili: mtoto wake, na jina lake mwenyewe. Programu ikakubali. Mistari ikawa sitini na tisa. Niliigeuza kurudi kwenye mabano, na kutoka kwenye mabano kurudi kwenye jedwali, nikailinganisha na karatasi yako kwa kidole, tawi kwa tawi, na hakuna hata mmoja aliyepotea. Nathaniel alipoona alipiga meza kwa furaha, akaniagizia soda, akawaita watu wa chumba cha pili waje kuona kichwa cha binti wa Mzee Mayala. Siku hiyo ndiyo niliyokuandikia kwamba mti wako umesimama. Siku hiyo ilikuwa kweli.

Sasa sikiliza kilichomo kwenye ripoti. Juu kabisa kuna jina la Nathaniel, kisha majina ya wale wageni wawili. Halafu basi. Nilidhani labda wewe uko ndani, nikafungua ukurasa baada ya ukurasa. Nikaukuta mti. Ncha hamsini na nane, mistari hamsini na saba, umenyooka, mzuri. Ukurasa wa mwisho kuna shukrani: wanawashukuru wafadhili, wanamshukuru dereva wa boti kwa jina lake, na wanawashukuru wavuvi wa eneo hilo kwa ushirikiano wao. Wavuvi! Wewe ambaye hujawahi kutupa wavu maisha yako yote, unayeogopa hata kuoga ziwani! Jamani, hata tusi lenyewe hawakulichagua vizuri.

Nilimfuata ofisini kwake nikiwa na ile ripoti mkononi. Hakushtuka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari zako. Nilimwambia kwamba habari za mzee anazo yeye, kwa kuwa ndiye aliyekula jogoo wake. Hapo akaanza kunieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi, kwamba sayansi inataka chupa. Wale hamsini na wanane wana chupa, mtu yeyote anaweza kuwatazama na kuchora mti wake, hivyo hawana mwenyewe. Wale kumi na wawili hawana chupa, wana mdomo wa Mzee Mayala tu. Wageni wangeuliza nani kasema samaki hawa walikuwapo, na jibu lingekuwa ni mtu wa darasa la nne. Nikamwelewa, baba. Wale kumi na wawili ndio waliokuwa alama ya mkono wako. Wakishatoka, mti ni wa yeyote, na yeyote huyo akawa yeye.

Nikaidai karatasi. Akasema imeenda nje na wageni ikahifadhiwe vizuri, mahali pasipo na mchwa. Nikamuuliza itarudi lini. Akatazama dirishani, akasema hivyo vitu huchukua muda. Nikamwita mwongo, baba, nilimwita na majina mengine ambayo Justa asingependa kuyasoma, na makarani wakaja kusimama mlangoni. Nikamwambia amemla mama akiwa hai na sasa anamla akiwa kaburini. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini: kama nakumbuka ni nani aliyempelekea disketi ya mwisho. Nikatoka.

Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo la watu wanaopunguzwa kazini. Unajua hali ya sasa, serikali inapunguza watu kila idara, na wanaoajiri mjini ni viwanda vya minofu tu. Majina yalikuwa kumi na moja. Langu lilikuwa la nne. Chini pana sahihi yake, ile ile anayoiweka kwenye kadi za Krismasi anazokuletea. Tangu Septemba mosi sina kazi. Nimeanza kuwachapia watu barua kwenye duka moja la taipu hapa Mkuyuni, naweza kula, usiniwazie kwa hilo.

Mpaka hapa, baba, nimeandika kama mtu aliyeonewa, na ni kweli nimeonewa. Nathaniel katugeuka, kakugeuka wewe na mama na mimi. Ningeweza kuishia hapa, na nimeishia hapa mara tatu. Barua tatu nilizoandika kabla ya hii ziliishia hapa hapa, kisha nikazichana, nikakuandikia habari za mvua. Justa, usiruke.

Mwezi wa tano, kabla ripoti haijaenda kuchapwa, Nathaniel aliniita. Aliniambia orodha ya kupunguza watu inaandaliwa na yeye ana sauti kidogo juu yake. Hakunitisha. Alisema kama kaka. Halafu akasema vile vijitawi vya sifuri vinachafua mchoro, wageni hawavielewi, ingekuwa vizuri vitolewe. Nilimkumbusha ahadi aliyotoa kaburini. Akasema mzee haoni tena, atajuaje? Atasomewa tu kwamba mti umetoka, atafurahi. Yeye mwenyewe hakugusa mashine. Aliweka disketi tupu mezani kwangu, akaenda kula chakula cha mchana.

Mimi ndiye niliyeketi. Programu ile ina amri ya kuondoa vijitawi visivyo na urefu, lakini haiondoi kimya kimya kama mara ya kwanza. Safari hii inakuonyesha kwanza orodha ya majina inayotaka kuyaondoa, halafu inakuuliza kama una hakika. Ikaniletea majina kumi na mawili kwenye kioo. La saba lilikuwa TEREZA, kwa herufi kubwa, kwa sababu nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Nililitazama. Nilifikiria kazi, nilifikiria kodi ya chumba, nilifikiria macho yako, Mungu anisamehe, nikajiambia kweli hataona. Nikabonyeza herufi ya kukubali. Mistari sitini na tisa ikawa hamsini na saba. Nikainakili kwenye disketi yake, na jioni hiyo nikakuandikia kwamba mambo yanaendelea vizuri.

Nilimwita Nathaniel mwongo mbele ya makarani, na yeye aliahidi tu. Mashine iliuliza, na aliyejibu ni mtoto wa Tereza. Yule mtoto mmoja tu. Walimsema mama miaka yote kwamba mwenye mtoto mmoja ni kama hana, na wewe ukawakatalia, ukamwandika kwa wino mwekundu ili wasiweze kumfuta. Mimi ndiye niliyewapa haki.

Nimelia vya kutosha, sikuandikii ili unibembeleze. Nakuandikia kwa sababu jedwali ninalo. Ile namna ya kwanza, isiyojali mtu ana watoto wangapi, niliichapa mwaka jana kwenye karatasi ya printa na kuiweka chini ya godoro, mistari yote mia moja ishirini na sita. Kila mtoto na mzazi wake wamo, na urefu wa kila tawi. Kilichokosekana ni yale uliyoyaandika pembeni kwa mkono: ufukwe gani, mwaka gani, nani alikuwapo, rangi yake akiwa hai. Hayo hayakuwa na mahali kwenye jedwali, yako kichwani kwako tu sasa.

Nataka kuja Jumamosi ya tarehe 30, kwa pantoni ya asubuhi. Nimenunua karatasi kubwa kwa fundi cherehani, ile wanayokatia ruwaza, na kalamu nyekundu. Mimi nitasoma jedwali mstari kwa mstari, wewe utasema, na nitaandika unavyosema bila kupunguza neno. Ukinitukana nitavumilia. Ukinifukuza nitakaa kwa Justa mpaka utakapoita. Na kama hutaki kabisa nikanyage hapo, mpe Paskazia neno moja siku ya gulio, nami nitampa jedwali alete, Justa akusomee. Lisipotee tu, baba, hata kama mimi nitapotea.

Na katekista mwambie ukweli. Au mwambie ripoti bado haijafika, maana ile ya kweli bado haijafika.

Msalimie shangazi Wilhelmina, mwambie dawa ya mgongo nitamletea. Wasalimie majirani wote, hata wale wa mihogo. Justa, asante kwa kusoma mpaka hapa. Sasa mpe maji anywe, na umshike mkono. Ukimaliza, rudi kwenye lile jina la saba, uliandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, uliweke mahali atakapoweza kuligusa.

Macho yako yapone, baba. Nakuombea kila siku, ingawa sijui kama sala zangu bado zinapokelewa.

Ni mimi, mwanao,

Kija, mtoto wa Tereza